Kununua DSLR ya kwanza kwa bajeti ndogo: mwongozo kamili kwa mpigapicha wa Nyanda za Juu Kusini

Kijana anayetaka kuanza kupiga picha za kulipwa huku kwetu hakosi kazi. Kuna mahafali ya kidato cha nne, kipaimara, sendofu, harusi zinazopamba moto baada ya mavuno, kwaya zinazotaka video, na vyuo vya Mbeya na Iringa vinavyotoa wahitimu kila mwaka. Kinachomkwamisha ni kamera. Anajibana, anaweka akiba, siku ikifika anaingia dukani na kutoka na kamera mpya kwenye boksi, na pesa yote imeishia hapo. Jioni ya harusi ya kwanza anakuta ukumbi una giza, lenzi aliyouziwa haifai gizani, flashi hana, na betri yake moja imekwisha kabla ya keki kukatwa.

Ushauri wangu ni huu: pesa ya kamera ya kwanza iende kwenye lenzi na mwanga, na bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, iwe ya zamani, iliyotumika, lakini iliyokaguliwa kwa mikono yako mwenyewe. Lenzi nzuri utaitumia hata ukibadili bodi mara mbili. Bodi mpya hupoteza thamani siku unapofungua boksi.

Wengine watakuambia DSLR, yaani kamera za kubadilisha lenzi zenye kioo cha ndani, zimepitwa na wakati. Ni kweli kwamba Canon walitoa 850D na Nikon wakatoa D780 mwaka 2020, na tangu hapo nguvu zao zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani. Lakini kwa mwenye bajeti ndogo hiyo ni habari njema. Wapigapicha wanaohamia huko wanauza DSLR zao, tena mara nyingi pamoja na lenzi na betri za ziada. Kamera iliyopiga harusi vizuri mwaka 2013 itapiga harusi vizuri leo, ikiwa ni nzima.

Anza na kazi, siyo na kamera

Kabla ya kuuliza bei, jiulize pesa yako itatoka wapi miezi sita ya mwanzo. Anayepiga harusi na sendofu anafanya kazi ndani, usiku, kwa hiyo flashi na lenzi inayokusanya mwanga mwingi ndizo roho ya kazi yake. Anayepiga mahafali yupo nje juani, mbali na jukwaa, na anahitaji lenzi ndefu. Anayetaka video za kwaya anahitaji kamera yenye tundu la maiki na tripodi imara. Anayetaka mandhari, yaani maua ya Kitulo kati ya Desemba na Aprili, Ziwa Ngozi, mawe ya Isimila, anaweza kuishi na lenzi ya kawaida ya 18-55, ile inayouzwa pamoja na kamera, kwa muda mrefu bila kulalamika.

Chagua kazi moja au mbili. Ukitaka vifaa vya kazi zote kwa mkupuo, hakuna hata kimoja kitakachotosha.

Gawa pesa kabla hujatoka nyumbani

Tuseme umekusanya shilingi 1,000,000. Nusu, yaani 500,000, iwe ya bodi na lenzi yake ya 18-55. Robo iwe ya lenzi ya pili, ile ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi hufunguka zaidi na kupitisha mwanga mwingi). Robo inayobaki igawane flashi, betri ya akiba, kadi mbili na begi. Huo ni mgao wa pesa, siyo bei za dukani. Bei hupanda na kushuka na dola, kwa hiyo uliza sehemu tatu au nne kabla hujatoa chochote.

Kama una 500,000 tu, usikope ili ukamilishe orodha. Nunua bodi ya zamani zaidi yenye 18-55, betri ya pili na kadi, uanze na kazi za mchana: picha za pasipoti, watoto, mahafali. Lenzi ya pili inunuliwe na kazi yenyewe. Flashi ifuate.

Kuchagua bodi

Canon au Nikon? Zote ni nzuri. Swali la maana ni kwamba marafiki zako wapigapicha wa karibu wanatumia ipi. Ukiwa Mafinga na rafiki yako pekee mwenye lenzi ya ziada anatumia Canon, nunua Canon, maana lenzi ya Nikon haitaingia kwenye Canon na utakosa pa kuazima siku ya shida.

Upande wa Canon, tafuta 600D ya mwaka 2011 au 700D ya 2013. Zote zina tundu la maiki na kioo cha nyuma kinachogeuka, na zote zinatumia betri moja, LP-E8. Usichanganywe na majina: iliyouzwa Marekani kama Rebel T3i ndiyo 600D, na iliyouzwa Japani kama Kiss X5 ni hiyo hiyo. T5i na Kiss X7i ni 700D. Zilizotoka Japani fungua menyu kwanza uhakikishe Kiingereza kipo. Ukipata 60D nzima kwa bei hiyo hiyo, ichukue: ni nzito zaidi, ina magurudumu mawili ya kurekebisha mipangilio, na betri yake ya LP-E6 inadumu kuliko hizo ndogo.

Kwa video, 70D ya mwaka 2013 ni ngazi nyingine. Ndiyo DSLR ya kwanza ya Canon iliyoweza kufuata uso wa mtu vizuri wakati inarekodi. 600D haina uwezo huo, na faili lake likifika GB 4, kama dakika 12 za video ya ubora wa juu, inasimama kurekodi. Ukiwa unarekodi mahubiri na hulijui hilo, utakosa nusu ya mahubiri.

Sasa mitego. Canon 2000D na 4000D za mwaka 2018, ambazo maduka hupenda kumwonyesha mteja mgeni kwa sababu ni mpya na bei inavutia, hazina kile kijipini cha katikati pale juu unapochomeka flashi. Flashi za bei nafuu kama Yongnuo YN560 au Godox TT600 hazitawaka juu yake. 250D nayo iko hivyo. Utalazimika kununua flashi ya bei kubwa inayoelewana na Canon, na akiba yote uliyodhani umeipata inayeyuka. Tena 4000D ina shingo ya plastiki pale lenzi inapofungwa, na 2000D na 4000D zote mbili hazina tundu la maiki. Kwa anayetaka kuishi kwa harusi, ningeziacha zote mbili dukani.

Upande wa Nikon, D5200, D5300 na D7000 ni chaguo zuri. D3200 na D3300 ni nafuu zaidi na zina tundu la maiki; cha ajabu ni kwamba D3400 na D3500 zilizofuata zimeondolewa tundu hilo. Mtego wa Nikon upo kwenye lenzi. Bodi za D3000 na D5000 na ndugu zao zote hazina mota ndani, kwa hiyo lenzi za zamani zilizoandikwa AF peke yake, kama ile 50mm f/1.8D, hazitajifokasi. Utazungusha kwa mkono. Tafuta lenzi iliyoandikwa AF-S. D7000, D7100 na D90 zina mota, zinakubali zote mbili. Halafu kuna lenzi mpya zilizoandikwa AF-P: hizo ukiziweka kwenye D3200, D5100, D90 au D7000 hazifokasi kabisa, hata kwa mkono. Muuzaji akikupa D3200 yenye 18-55 ya AF-P, ameunganisha vitu viwili visivyoelewana, na huenda hajui.

Usisumbuke na megapikseli. Kamera yenye 18 inatoa picha ya nukta 5184 kwa 3456, na ukiichapisha kwa ubora kamili wa nukta 300 kwa inchi inakaribia ukubwa wa A3. Albamu nyingi za harusi hazifiki huko.

Wapi pa kununua

Kwa uzoefu wangu, muuzaji bora ni mpigapicha unayemfahamu anayepandisha daraja. Unajua alivyoitunza kamera, unajua anapokaa, na huwa anaongeza betri au begi. Pita studio za Mwanjelwa, Kabwe, au Iringa mjini Miyomboni na Mashine Tatu, jitambulishe, acha namba yako: "Kaka, ukiwa unauza bodi yako ya zamani, nikumbuke mimi kwanza." Maneno kama hayo hutembea.

Dukani unalipa zaidi lakini unapata risiti ya EFD na mahali pa kurudi. Dai risiti hiyo kila mara, na hakikisha namba ya utambulisho (serial number) iliyoko chini ya kamera imeandikwa juu yake. Ikitokea kamera imeibiwa, polisi watakuuliza namba hiyo.

Kariakoo kuna chaguo kubwa, ila Dar ipo zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, na kumtumia mtu pesa kwa simu ili aweke kamera kwenye basi ni kununua mbuzi kwenye gunia. Ukiwa na ndugu Dar anayejua kamera, mtumie mwongozo huu aikague yeye, alipe yeye, apakie yeye, na akutumie picha ya risiti ya mzigo. Vinginevyo subiri safari yako mwenyewe.

Wapo wanaonunua ng'ambo ya Tunduma au Kasumulu. Ukifanya hivyo, pita forodhani, ulipe, utunze karatasi. Kamera isiyo na karatasi itakusumbua siku utakapotaka kuiuza.

Ukinunua kwa mtu binafsi, andikeni hati ya mauziano: majina kamili, nakala za vitambulisho vya NIDA, namba ya kamera na ya lenzi, bei, tarehe, na shahidi mmoja. Mtu mwenye kamera halali hakasiriki. Anayekwambia "wewe huniamini?" muage kwa heshima uondoke.

Ukaguzi, mezani, kabla ya pesa kutoka

Hapa ndipo utatumia muda mwingi zaidi, na usimruhusu mtu akuharakishe. Nenda mchana. Beba kadi yako ya SD, karatasi nyeupe, kitambaa safi, simu yenye tochi kali, na flashi ya kuazima kama unaweza kuipata.

Anza kwa lenzi. Itoe kwenye bodi, fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu, iangazie kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele ukiizungusha polepole. Vumbi la punje chache ndani si kitu; kila lenzi iliyotumika inalo, na halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni fangasi: nyuzi nyembamba nyeupe zilizotawanyika kama utando wa buibui, mara nyingi zikianzia pembeni mwa kioo kuelekea katikati. Wakati mwingine huonekana kama madoa yenye matawi. Ukishaziona, usinunue lenzi hiyo hata kwa nusu bei. Fangasi hula rangi ya juu ya kioo, kuisafisha ni kazi ya fundi, na ukiihifadhi pamoja na lenzi nyingine kwenye begi lenye unyevu unazipa zote nafasi ya kuota. Huku kwetu jambo hili si la kubahatisha. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nyumba nyingi za Rungwe na Njombe hukaa na unyevu miezi mingi. Lenzi iliyokaa kabatini huko mwaka mzima bila kutumika ichunguze mara mbili. Nusa begi pia. Likitoa harufu ya nguo zilizokosa jua, endelea kwa tahadhari.

Kisha angalia vile vipande vya chuma vinavyojifunga ndani ya lenzi. Kwenye Nikon kuna kijiti kidogo nyuma ya lenzi. Kisukume taratibu kwa kidole ukiachie. Vipande vinapaswa kufunguka na kujifunga kwa haraka, vikiwa vikavu. Vikiwa na mng'ao wa mafuta au vikijikokota, picha zako zitatoka na mwanga usio sawa. Kwenye Canon funga lenzi kwenye bodi, weka f/16, kisha bonyeza kitufe cha kuonyesha kina cha picha huku ukitazama mbele ya lenzi.

Sasa bodi. Itazame nje: skrubu zilizochubuka vichwa zinasema imeshafunguliwa na fundi. Uliza kwa nini. Raba zilizobanduka si tatizo, gundi ipo. Mlango wa betri uliovunjika ni tatizo. Ingiza kadi na kuitoa mara kadhaa, umulike ndani uone kama pini zimenyooka.

Baada ya hapo piga picha za majaribio kwa mpangilio huu.

Weka f/22, elekeza kwenye karatasi nyeupe au anga, vuruga fokasi makusudi, piga. Kuza picha kwenye kioo cha nyuma na uipitie kona hadi kona. Madoa ya mviringo yenye ukungu ni vumbi juu ya sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, na husafishika. Mstari mwembamba uliokatika wazi unaweza kuwa mkwaruzo, na huo haufutiki.

Funika lenzi, weka ISO (kiwango cha kuhisi mwanga) 1600, piga. Picha iwe nyeusi. Nukta moja au mbili za rangi zinavumilika. Zikijaa kama mchanga, sensa imechoka.

Weka kasi ya 1/4000 nje kwenye mwanga, piga. Upande mmoja ukiwa na giza au kivuli cha mstari, shata, yaani pazia la ndani linalofunguka na kufunga kila unapopiga, inakaribia kufa. Kisha shikilia kitufe upige mfululizo picha 20 hivi. Neno "Err" likitokea hata mara moja, usinunue.

Laza gazeti mezani, lipige kwa pembe ukiwa umefungua lenzi hadi mwisho, fokasi kwenye mstari mmoja wa maandishi. Mstari uliouchagua ndio uwe mkali kuliko yote. Ukiwa mkali ule wa mbele au wa nyuma yake kila mara, lenzi na bodi hazipatani.

Chomeka flashi ya kuazima juu, piga. Washa na ile ya kwenye bodi. Rekodi video ya dakika tano ukizungumza, uisikilize.

Mwisho, idadi ya mibofyo ya shata. Kwa Nikon ni rahisi: chukua picha halisi iliyotoka kwenye kadi, isiyohaririwa, ifungue kwenye programu yoyote inayosoma taarifa za picha, na namba ipo humo. Kwa Canon unahitaji kuiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB na kutumia programu maalumu, kwa hiyo nenda na laptop au mtafute mwenye nayo. Bodi nyingi za daraja hili shata zake hukadiriwa mibofyo 100,000. D7000 na D7100 hukadiriwa 150,000. Mpigapicha anayepiga picha 1,000 kwa harusi hufika 100,000 kwa harusi 100 tu. Hiyo haimaanishi shata inakufa siku hiyo, wapo wanaovuka mbali, lakini kamera yenye 90,000 haiwezi kuuzwa bei ya yenye 15,000, na hapo ndipo unapopata nguvu ya kupunguziwa.

Mazungumzo huwa hivi.

"Bosi wangu, hii haina shida yoyote, imetumika kidogo sana."

"Sawa kaka, nakuamini, ila naomba niunganishe na laptop tuone wote shata imefika ngapi."

Kama imetumika kidogo kweli, atasogeza kiti akuangalie unavyofanya.

Vifaa, kwa mpangilio wa umuhimu

Lenzi ya f/1.8. Kwa Canon ni 50mm f/1.8; ile ya STM ya mwaka 2015 ni tulivu na imara kuliko ya zamani, na ile ya Yongnuo ni nafuu zaidi ila fokasi yake ni ya kelele. Kwa Nikon ningechukua 35mm f/1.8G. Tofauti yake na 18-55 ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: 18-55 ikivutwa hadi mwisho inafunguka f/5.6 tu, na f/1.8 hupitisha mwanga takriban mara kumi ya huo. Kanisani Kihesa alasiri ya mawingu, mwanga huo ndio unaotenganisha sura ya bibi harusi iliyo wazi na picha iliyotikisika. Kumbuka tu kwamba kwenye Canon za daraja hili 50mm huona kama 80mm, kwa hiyo kwenye sebule ndogo utagonga ukuta ukirudi nyuma. Hapo rudi kwenye 18-55 na flashi.

Flashi. Ya kurekebisha kwa mkono kama YN560 au TT600 inatosha kujifunza na kufanyia kazi. Usiielekeze usoni kwa watu. Igeuze juu kwenye dari nyeupe. Tatizo la kumbi zetu ni mapambo: dari yote imefunikwa vitambaa vya zambarau au dhahabu, na mwanga ukigonga hapo unarudi na rangi hiyo kwenye nyuso za watu. Funga kadi nyeupe nyuma ya kichwa cha flashi kwa raba ya kufungia noti, isogeze karibu, kazi inaendelea. Nunua betri za AA za kuchaji, nane, ili nne ziwe kazini na nne mfukoni. Betri kavu za dukani utazinunua kila wiki mpaka uchoke.

Betri ya pili ya kamera. Ya kampuni nyingine inafaa, lakini isiwe ile ya bei ya kushangaza. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya Makambako, Njombe na Kitulo hupunguza nguvu ya betri haraka. Weka ya akiba mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, na uibadilishe zamu kwa zamu. Kama unanunua 60D au D7000, menyu ina ukurasa unaoonyesha afya ya betri halisi. Uangalie dukani.

Kadi. Mbili za GB 32 ni bora kuliko moja ya GB 64, kwa sababu kadi moja ikifa hupotezi harusi nzima. Chukua za daraja la 10 au zaidi. GB 32 huhifadhi picha elfu kadhaa za JPEG kwenye kamera ya megapikseli 18, na zaidi kidogo ya elfu moja za RAW, yaani faili ghafi za kuhariri. Kadi feki zipo tele: imeandikwa 64 juu, ndani ni 8, na picha zinazozidi hapo zinapotea bila taarifa. Siku ile ile ya kununua, ijaze yote kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta ya Windows, au F3 kwa anayetumia Linux au Mac. Inachukua muda, lakini unajua ukweli kabla ya harusi ya mtu. Ikifeli, irudishe na risiti.

Tripodi kama unafanya video tu. Ifungue, weka kamera yako juu, uisukume kidogo kwa kidole. Inayotetemeka mezani itatetemeka zaidi kanisani kwaya ikianza kucheza. Hakikisha kibao cha kufungia kamera kipo, maana kikipotea tripodi nzima ni chuma chakavu.

Kioo cha UV cha kulinda lenzi, kile cha bei rahisi, kiache. Kinaleta mng'ao wa taa kwenye picha za usiku. Kofia ya lenzi inalinda vizuri zaidi.

Begi lolote lenye sponji ndani linatosha. Kwenye bodaboda livae kifuani, siyo mgongoni.

Kuilinda na hali yetu ya hewa

Nunua ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, au chombo cha chakula kikubwa, na mfuko wa silika jeli. Kamera na lenzi zikae humo kila usiku badala ya begini. Punje za rangi ya machungwa hugeuka kijani zikishiba unyevu. Zikaushe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo mpaka rangi irudi, ziache zipoe, zirudishe. Usitumie mchele, vumbi lake huingia kwenye kila upenyo.

Ukitoka nje kwenye baridi ya asubuhi ya Njombe au kwenye ukungu wa Kitulo, huko juu mita 2,600 hivi, kisha ukaingia jikoni au ukumbini kwenye joto, maji hujikusanya juu ya lenzi na ndani ya bodi. Weka kamera kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kabla hujaingia, uiache humo nusu saa au zaidi mpaka ipate joto la chumba. Maji yatajikusanya nje ya mfuko. Kama kazi yako inaanza saa hiyo hiyo, fika mapema.

Kiangazi, njia ya Chunya au ya kuelekea Ruaha, vumbi ni jembamba na linapenya. Usibadilishe lenzi barabarani. Ukilazimika, zima kamera, ielekeze chini, geuza mgongo wako kwenye upepo, ubadilishe haraka. Beba kipulizio cha raba, na usipulize sensa kwa mdomo kamwe, mate hukauka juu yake.

Wiki ya kwanza

Mwombe muuzaji siku saba za majaribio, ziandikwe kwenye hati. Siku hizo piga kila siku, mchana na usiku, ndani na nje, na rekodi video ndefu angalau moja. Kasoro nyingi za kamera iliyotumika hujitokeza ikipata joto la kazi.

Weka tarehe na saa sahihi. Kadi iandae (format) ndani ya kamera yenyewe, siyo kwenye kompyuta. Piga JPEG na RAW pamoja mpaka ujue kuhariri. Picha za kila kazi ziwe na nakala mbili, moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye diski ya nje, kabla hujafuta kadi.

Pesa ya kazi za kwanza, kama unapiga mahafali, ipeleke kwenye lenzi ya 55-250 ya Canon au 55-200 ya Nikon, nayo iliyotumika, kwa ukaguzi ule ule wa tochi. Kwenye Canon inafika sawa na 400mm, na wapigapicha wanapozuiwa nyuma ya kamba, wewe utampata mhitimu akipokea cheti akiwa amejaa kwenye fremu. Kama ni harusi, ongeza flashi ya pili na kifaa cha kuiwasha kwa mbali kabla ya kufikiria bodi mpya.